Kidevu cha Senge Nafula

Senge,

Shangazi yangu, panya walikula kidevu chako. Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Ungetaka ucheke kwanza, ndipo uulize nani ameoa na ng'ombe wa nani amezaa.

Jumamosi ilikuwa ibada ya kukukumbuka, hapo kwako Bumula, mwaka mmoja tangu tukuzike. Baba, mdogo wako, ambaye tangu ulipotuacha amekuwa msimamizi wa kila kitu, alisema lazima picha yako iwekwe mezani mbele ya watu. Picha ipi? Wewe uliyekuwa ukiona kamera unakumbuka una sufuria motoni! "Mimi sipigangwi picha, hiyo ni kupoteza muda ya watu." Tulipekua nyumba nzima tukapata ile ya kitambulisho tu, ambayo umekunja uso kama mtu aliyeibiwa kuku. Baba akataka ikuzwe. Mimi nikakataa. Wajukuu zako wangekukumbuka umenuna hivyo maisha yao yote. Nikasema nitakutengeneza mwenyewe, kwa karatasi.

"Nekesa," Baba akaniambia, "ati dada yangu umtengeneze na takataka?"

Nina chumba changu cha kazi Kitale, watu wananunua picha zangu za kubandika na kuzitundika sebuleni, lakini kwa Baba mimi bado ni yule msichana wa kuokota makaratasi barabarani. Nilijua watu wakija wasikutambue, nitakuwa nimekuaibisha wewe mbele ya Bumula yote, na kazi yangu nyumbani itaitwa takataka mpaka nizeeke.

Unalikumbuka lile debe langu la mafuta ya kupikia? Karatasi za peremende, pakiti za majani chai, maganda ya viberiti. Mama alitaka kulichoma kila wiki, akisema nafuga panya. (Aliona mbali, lakini usimwambie.) Na mifuko ya mbegu za mahindi, ile yenye gunzi kubwa la manjano, aliyekuwa akiniletea kutoka duka alilofanyia kazi ni Baba huyo huyo. Amesahau.

Ni wewe tu uliyesema, "Leta hiyo yote, si tuko na ukuta?" Basi shule zikifungwa Disemba nilishuka Bumula kutoka Kitale na debe langu. Nilikukuta umeshasiriba kuta, gundi ya unga wa ngano inatokota, na magazeti ya mwaka mzima yamepangwa juu ya kiti. Nyumba zote za kijiji zilibandikwa magazeti kwa ajili ya Krismasi, lakini wewe ulikuwa na hila yako. Habari ilianzia karibu na mlango, na mwisho wake ukaubandika nyuma ya kabati. Mgeni anainuka kitini, anafuata ukuta, shingo imepinda, chai inapoa. "Wacha asome, bana. Mtu akiwa anasoma haulizangi nyama iko wapi." Na kuna miaka nyama haikuwepo kweli. Mimi nilijaza rangi zangu katikati ya magazeti, na rangi zikigombana uliniambia nitie kipande cha karatasi ya kaki ya sukari, zitulie. Mpaka leo nafanya hivyo.

Basi nililifungua debe. Uso wako nimeutoa kwenye kaki na pakiti za chai. Gauni ni mifuko ya mbegu. Mvi ni zile kadi za simu za kukwangua ulizokuwa ukiniwekea kikombeni bila kuuliza za nini. Macho yalinitesa, nikajaribu hiki na kile, mwishowe nikakata ubavu wa kiberiti, pale pa kuwashia. Ukanitazama. Hapo nililia, Senge, sitakuficha. Nilikuita kwa sauti kama mjinga, halafu nikapenga kamasi nikaendelea na shingo.

Gundi ya dukani niliikataa. Nilitaka ya kwako, nikaupika unga mpaka ukavutika vizuri. Ila wewe uliponda pilipili kichaa ukatia ndani, na mimi utoto wangu wote nilidhani ni mapishi yako tu. Sikutia. Ijumaa nikakuleta Bumula, nikakuegemeza stoo kando ya magunia ya mahindi. Asubuhi kidevu hakipo. Wametafuna kuanzia mdomoni hadi shingoni, ubao niliokubandikia unang'aa. Mwanao Wafula alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Akatoa ile ya kitambulisho mfukoni, kumbe alishaikuza.

Debe lilikuwa Kitale. Nilisimama katikati ya nyumba yako nikitafuta karatasi ya kukirudisha, na ndipo nikauona ukuta.

Nikachemsha maji, nikachukua kitambaa, nikaloweka kona ya nyuma ya kabati. Zikabanduka tabaka za kila Disemba, moja baada ya nyingine, mpaka nikafika ya chini kabisa, ambapo kuna pakiti ya chai niliyobandika nikiwa nimesimama juu ya stuli, mkono wako juu ya wangu. Rangi yake ni mbichi, zile za juu zilikuwa zimeifunika. Nilipoikwaruza nilipiga chafya. Pilipili yako bado inafanya kazi! Nikaikata kidevu, na safari hii gundi ilinitoa machozi.

Mvua ilinyesha. Unaitwa Nafula, mtoto wa mvua, tungetegemea nini? Kuni zikalowa, masufuria yakakaa tu. Mama Zainabu, rafiki yako wa kule karibu na msikiti uliyekuwa ukinunua leso kwake, alifika na mwavuli, akasimama mbele ya meza.

"Ai, Nafula! Kumbe umejificha hapa? Na hicho kidevu cha ubishi hujakiacha?"

Senge, nilitaka kumbeba. Watu wakasogea. Mmoja anasoma bega, mwingine anafuata maandishi ya shingoni, watoto wanatafuta peremende. Baba alivaa miwani, akainama, akagusa gauni lako, akaanza kumwambia kila aliyepita, "Hii mfuko ni mimi nilileta kutoka Kitale." Ile ya kitambulisho ilirudi mfukoni. Chakula kilitoka jioni, na sikusikia mtu hata mmoja akiuliza nyama iko wapi.

Wafula sasa ana nyumba ya matofali, lakini ameniahidi ya kwako haibomolewi. Disemba nitashuka na debe nijaze kona niliyobandua, wajukuu zako wanishikie bakuli. Pilipili nitatia mpaka panya wahame Bumula.

Pumzika sasa, Senge wangu. Mwisho wa habari nitaubandika nyuma ya kabati, pale pale.

Nekesa wako