Nukta za Nzi Kwenye Mchoro Wako

Baba,

Nimeunguza redio ya zahanati ya Sindo. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitajificha ndani yake.

Ile redio uliyoiunda kwa mikono yako, ambayo nesi Dorka huitumia kuita mashua kutoka Homa Bay mgonjwa akizidiwa, ilipigwa na radi miezi miwili baada ya sisi kukuzika. Ikapelekwa karakana ya Homa Bay. Nikawapelekea mchoro wako. Fundi mkuu akaugeuza juu chini, akaniuliza, "Sasa hii chungu ni ya nini? Na hii jembe? Dada, hii kitu mimi siwezi soma. Andika na alama ya kitabu, ndio tutengeneze."

Si nilikuambia, Baba? Mafundi wote wanachora alama za kitabuni, wewe unachora chungu mahali pa taa ya redio, ile ya kioo ya kukuza mawimbi, na jembe mahali pa waya wa kuingia ardhini. Ulinijibu, "Mimi najua, wewe unajua, inatosha." Haikutosha. Umekufa, nimebaki mimi peke yangu, na mimi nilikuwa najua nusu tu.

Nikakaa hapa Sori kwenye meza yako siku nne, nikihamisha. Chungu nikakifanya taa ya kitabuni, jembe nikalifanya ardhi. Kila mahali waya mbili zinapopishana nikatafuta nukta. Zenye nukta umeziunga. Zisizo na nukta zinapita tu. Nilinakili kila nukta niliyoiona. Mafundi wakafuata mchoro wangu, na walipowasha, moshi ukatoka na taa mbili zikapasuka.

Sindo imebaki bubu. Juma lililopita mama mmoja alipelekwa Homa Bay kwa mtumbwi wa makasia kutwa nzima, na mtoto wake hakufika hai. Dorka hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Jana nilikuwa nimeketi hapa, omena, dagaa wetu wa ziwani, wameanikwa nje kama kawaida, nzi akatua kwenye karatasi yangu safi. Alipoondoka aliacha nukta. Nyeusi, ya mviringo, nzuri kuliko zako. Nilicheka, Baba. Halafu nikalia mpaka shangazi akaja kuuliza ni nani tena amekufa. Miaka yote hiyo mchoro wako ulining'inia ukutani, nzi wakiuchafua, na mimi nikaenda kuunganisha waya kwa kinyesi cha nzi!

Nukta za mchoro wako nilizikwangua kwa kucha. Zote ngumu, zako na za nzi. Nilikukasirikia sana, nisamehe.

Ndipo nikakumbuka: "Mama, toboa." Uliniita Mama kwa kuwa nina jina la mama yako. Kila ulipomaliza kulehemu mahali pamoja, ulinipa pini nitoboe nukta yake mchoroni, tujue pameisha. Nilidhani ni mchezo wa kunituliza. Leo mchana nimeuinua mchoro dirishani, na mwanga umepita kwenye nukta kumi na nane. Nyingine zote ni giza tupu.

Lakini nilikuwa mtoto, Baba. Unakumbuka siku uliyokwenda Rongo ukaniacha? Kwa hasira nilichukua pini nikatoboa nukta moja ambayo hukuniambia. Uliliona lile tundu. Ulicheka tu. Ni ipi hiyo, isiyo yako? Nimetazama hizo kumi na nane mpaka macho yanauma. Karakana ina taa za kujaribu mara moja tu. Zikipasuka hizo, redio inatupwa.

Kwenye mchoro mpya nimetia kumi na saba na kuacha moja, ile ya pembeni karibu na jembe. Sina hakika.

Kesho naenda Homa Bay na mchoro mpya. Sitawaachia mchoro na kuondoka; nitasimama pale, na kila wanapolehemu nitatoboa. Nakuahidi, redio ikirudi Sindo na nikisikia sauti ya Dorka ikiita, nitakuja kaburini kukuambia kabla sijaonja chakula. Nisipokuja, ujue nimeacha nukta yako na kuibakiza yangu.

Lala, Baba. Pini ninayo.

Ni mimi,
Mama