Msirudishe Mpira wa Paa Leo

Baba,

Nimewahi kazini. Chai iko kwenye chupa. Tafadhali msirudishe mpira wa kuzuia maji kwenye paa la gari leo. Ile rangi ya kuzuia kutu bado mbichi, na mkiifunika hivyo kutu itaendelea kula bati chini kwa chini. Shemeji akikuharakisha, mwambie haraka haraka haina baraka.

~~Mwambie pia msasa ule una mwenyewe.~~ Usimwambie hilo. Ni mgeni wetu.

Jana asubuhi nilikuwa nakuletea kikombe chako kama kawaida, nikamkuta mume wa dada amepanda juu ya kigoda changu, anasugua kutu kwa msasa wangu, nawe unacheka, "Sasa nimepata fundi!" Baba, gari hilo siku zote tumelitengeneza mimi na wewe. Hata hayo maji yanayovuja juu ya mlango niliyagundua mimi, kiti kilipolowa.

Ukaniuliza, "Mama, mbona umenuna?" Nikakujibu, "Sijanuna, endeleeni tu."

Nilinuna. Nina wivu, Baba. Nilitaka uniite mimi.

Kitinda mimba wako