Mawe Katika Ndengu

Kabati, Jumamosi, tarehe tisa. Asubuhi ina ukungu na baridi kidogo.

Mjukuu wangu Mwende,

Sisi tu wazima, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Umeniuliza kuhusu rafiki yako wa chuoni anayeshuhudia kwamba Mungu amemponya. Ameacha dawa na anazidi kudhoofika. Umwambie ukweli, au unyamaze kwa upendo?

Nilipokuwa msichana, jirani yetu Mama Kavata alisimama kanisani akashuhudia kwamba macho yake yamepona. Tulipiga makofi. Alhamisi iliyofuata alikuja kwetu kuchagua ndengu, na mama yangu akaona anaacha mawe kwenye uteo. Alimshika mkono polepole, akauweka juu ya mawe.

"Mama Kavata, hata mimi nakuombea. Lakini haya ni nini?"

"Unataka kumfanya Mungu mwongo?"

"Mungu hajasema umepona. Ni wewe umesema. Twende hospitali, nitakaa na wewe mpaka mwisho."

Aliondoka kwa hasira. Jioni hiyo mama hakumaliza chakula chake. Asubuhi tulisikia hodi, na Mama Kavata alikuwa mlangoni amevaa viatu vya kanisani.

"Twende basi. Lakini daktari akinicheka, nitakuchapa wewe."

Nadhani mama aliweza kusema ukweli ule kwa sababu alikuwa tayari kuandamana naye.

Barua hii niliianza asubuhi, na sasa ni saa tatu usiku. Nalala nikiwataja nyote wawili kwa Mungu.

Susu wako