Ndevu za Baba Mkwe Kwenye Hadubini

Mpendwa mshauri Bi Aida, nisaidie kabla Jumapili haijafika. Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Mlowo, nyumbani nina hadubini ya zamani, nabandika simu juu yake napiga picha nauza, yaani natamani kuuza, kwenye maktaba moja ya picha ya mtandaoni, wamekataa chavua ya kahawa, wamekataa mguu wa dumuzi, yule mdudu wa mahindi, kila siku wanasema vumbi, rangi ya njano, haionekani vizuri, sasa mwezi jana nikifua koti la baba mkwe nikaona unywele wa ndevu zake kwenye kola, nikauweka kwenye kioo cha hadubini, mshauri, magamba yake yamepangana kama bati la paa jipya, na wale watu kwa mara ya kwanza wakajibu picha inavutia ila ina ukungu, nirekebishe. Shida sisi ni Wandali, mkamwana hamtazami baba mkwe, nikalikumbuka hilo baada ya picha ya kwanza, na sasa kila nikiusogelea ule unywele nafumba macho kwa heshima, nazungusha skrubu kwa kubahatisha, nimepiga picha arobaini namna hiyo. Juzi nikajikaza nikafumbua jicho moja nizitazame picha kwenye kompyuta, mume wangu Zabron akaingia, akakuta ndevu zimejaa kompyuta nzima, akapiga kelele, "Gwalugano! Unamkodolea baba macho?" akaifunika kompyuta kwa kitenge, na Jumapili wazee wanakaa kuamua kama nirudishwe kwetu Ileje. Mume wangu nampenda, na ile picha naipenda. Nifanyeje?

Gwalugano, Mlowo

Gwalugano, pole sana, halafu acha vituko. Unapiga picha arobaini umefumba macho, unashangaa zina ukungu? Mila inakukataza kumtazama mzee, na unywele ulioachwa kwenye kola si mzee. Kosa lako ni kuuchukua kimyakimya. Baba mkwe si dumuzi, mwanangu. Anaombwa ruhusa.

Mtume mama mkwe akakuombee ruhusa, leo hii. Mzee akikubali, safisha kioo kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka karatasi nyeupe mbele ya taa, funga simu isitikisike, piga picha kumi ukisogeza skrubu kidogo kidogo, kisha uziunganishe kwenye kompyuta ziwe picha moja. Macho yote mawili wazi! Akikataa, futa zote. Utalia, na utakuwa na haki ya kulia.

Ila sidhani atakataa. Ni lini mara ya mwisho mtu wa nyumba hiyo alimwambia yule mzee kwamba ana kitu kizuri? Zabron awepo mzee akiambiwa hayo, asikie baba yake anavyocheka.