Kumtoa Perez Juani

Jumatano, 10 Februari 1993

Perez hasimami. Nimejaribu tena leo. Nimemshika kwapani, nikamwekea miguu sakafuni, akaikunja upesi kama aliyekanyaga kaa la moto. Akalia. Nikaacha.

Ana mwaka mmoja na miezi minne. Rahab, mtoto wa Gakenia jirani, ni mdogo kuliko yeye na anakimbia uani na kijiko mdomoni. Namsikia kupitia mlango. Siufungui.

Jasho la kichwa tena — mto umelowa, na mwili hauna homa. Meno mawili tu. Mtoto mtulivu, watu husema. Mimi pia nilikuwa nasema hivyo, tena kwa shukrani. Siku ile mwaka jana, kule Muhoroni, nilipojificha ndani ya miwa na nyumba za laini yetu ya wafanyakazi wa miwa zinaungua, nilimziba mdomo kwa leso nikamwomba Mungu amfanye mtulivu. Sasa naogopa alinisikia.

Jumamosi, 13 Februari

Khaemba, mume wangu, amekuja kutoka Muhoroni, nguo zimejaa majivu ya miwa. Hukaa na sisi Jumamosi na Jumapili tu, halafu anarudi kwa trekta lake. Aliinama mlangoni akapapasa ukuta kama kipofu.

"Mama Perez, hii chumba iko na giza. Mbona dirisha imefungwa?"

Nikasema ni vumbi la barabara. Hapa Mamboleo tulikohamia kuna vumbi, hilo si uongo. Hakubisha. Akamrusha Perez juu kidogo, kucheza, na mtoto akapiga yowe — yowe la maumivu! Tukatazamana. Akamrudisha kitandani polepole, akaenda kunawa uso, akakaa huko nje muda mrefu.

Jumatatu, 15 Februari

Gakenia amebisha, ati anaomba chumvi. Nimefungua mlango kidogo tu, naye akaingia kama maji. Ni Mkikuyu, anauza viazi hapa njia panda, sauti yake ni ya sokoni hata akinong'ona. Akamwona Perez. Akashika kifundo cha mkono wake, akakigeuza.

"Hii mkono imefura. Na hapa kifuani, shika, ni kama shanga. Mama Perez, huyu mtoto hutoka nje kweli?"

Nimemwambia mtoto ni wangu. Nimemwambia hivyo kwa ukali, na ameondoka bila chumvi. Halafu nimepapasa kifua mwenyewe. Ni kweli. Vijinundu, pande zote mbili, vimepangana. Nimemwogesha kila siku na sikuviona. Nitaona nini gizani?

Jumanne, 16 Februari

Naandika kwenye benchi la hospitali.

Asubuhi nilikuwa namlisha uji. Vidole vyake vikajikunja, ngumu, kidole gumba ndani. Macho yakapanda. Mwili wote ukaanza kutikisika, midomo ikawa ya buluu. Nyasaye, Mungu wangu! Degedege, nikajua ni degedege, lakini mwili ulikuwa baridi! Nilitoka. Nilifungua mlango nikakimbia barabarani bila viatu, napiga kelele, mimi ambaye sijavuka ile njia peke yangu tangu tuhamie. Gakenia aliacha viazi vyake chini. Alisimamisha lori la mchanga kwa kusimama mbele yake tu.

Hapa wamepima malaria. Hakuna. Daktari ni mwanamke, Daktari Amolo, mdogo kwangu kwa umri. Alimdunga dawa kwenye mshipa, polepole sana, sikio lake kifuani kwa mtoto muda wote. Nikasema, daktari, maliza haraka. Akasema dawa hii ikienda haraka moyo unaweza kusimama.

Nikaanza kuhesabu pumzi za Perez.

Mtikisiko umeacha. Perez amelala. Vidole vimefunguka.

Jumatano, 17 Februari

Wamempiga eksirei. Khaemba amefika kutoka Muhoroni, ameletwa na dereva mwenzake. Daktari ameinua picha kwenye mwanga. Halafu amemwomba Khaemba atoke nje.

Ameniuliza nani anampiga mtoto.

Nimeona ukuta unasogea. Anasema kuna ufa kwenye mbavu, wa zamani kidogo, umeanza kuunga. Baba yake je? Akilewa je? Nikaapa halewi, mtoto haguswi na mtu. Akaniita jina langu, Awuor, kwa upole, akaniambia nisiogope kusema. Nikakumbuka lile yowe la Jumamosi. Mungu nisamehe, kwa dakika moja nilimfikiria mume wangu vibaya.

Halafu akaitwa Khaemba, nikatolewa mimi. Alipotoka hakunitazama. Tulikaa benchi moja, katikati yetu nafasi ya mtu mzima.

"Awuor," akasema mwishowe. Huwa haniiti Awuor. "Mimi niko Muhoroni wiki yote. Sijui nini hufanyika kwa hiyo chumba."

Kumbe naye ananishuku!

Tungeachana hapo hapo, naamini, kama daktari hangerudi na picha ya pili, ya mikono. Akaketi mbele yetu akatuonyesha. Ncha za mifupa zimechakaa kama ufagio wa zamani. Mfupa haujakomaa, ni laini, anasema — rickets, ndio ugonjwa wa matege. Mfupa kama huu unaweza kupata ufa mtoto akiinuliwa tu. Akatuomba radhi kwa maswali yake, lakini lazima angeuliza.

Khaemba alisogea akajaza ile nafasi.

Ijumaa, 19 Februari

Daktari ameeleza vizuri leo. Nayaandika ili nisikosee.

Mwili hutengeneza vitamini D ukipigwa na jua. Bila hiyo, chakula kina kalisi, ile inayojenga mifupa, lakini mwili hauishiki. Ndiyo mifupa, ndiyo meno, ndiyo ule mtikisiko. Atapewa matone ya vitamini na dawa ya kalisi. Maziwa, mayai, omena, wale dagaa wa ziwani, ya kusaga kwenye uji. Na jua! Asubuhi, mikono na miguu wazi, kichwa kivulini. Si kupitia kioo cha dirisha — kioo hakipitishi kitu kile anachohitaji.

Nikauliza nikizidisha matone atapona haraka? Akaweka kalamu chini. Akasema kuzidisha ni sumu, huharibu figo. Nimeitazama ile chupa ndogo tangu wakati huo. Machache ni hatari, mengi ni hatari.

Halafu akaniuliza mimi hutoka nje saa ngapi.

Akasema maziwa ya mama ambaye hapati jua hayana vitamini ya kutosha. Alisema bila lawama. Lakini nimekuwa nikimficha mtoto wangu kifuani mwaka mzima, nikidhani hapo angalau hakuna kinachokosekana.

Jumatatu, 22 Februari

Nyumbani. Matone nimempa. Omena ameitema, nimempa tena, amemeza.

Jua — nimeshindwa. Nilitandika mkeka mlangoni, nikamvua, nikamlaza. Miguu myeupe ya unga, ngozi ambayo haijaona kitu. Nikaketi. Lori la miwa likapita, watu juu yake wanapiga mluzi na kuimba. Mluzi ule! Ndio waliopiga wale waliochoma laini yetu. Nilijikuta ndani, kitasa kimefungwa, Perez kwapani kama furushi. Nikakumbuka mbavu. Nikamweka chini, nikamkagua mfupa kwa mfupa.

Jumatano, 24 Februari

Gakenia ametandika mkeka wake kando ya wangu bila kuniuliza. Amekuja na viazi vya kumenya, akamweka Rahab hapo. Nimekaa mgongo ukiwa ukutani. Kila aliyepita nilimtazama mikono.

Nikamwomba msamaha wa siku ile ya chumvi. Akasema, "Achana na hiyo." Akamenya. Halafu, bila kuinua macho: "Hata mimi ndugu yangu alichomewa nyumba huko Molo. Nililala kanisa wiki mbili na Rahab kwa tumbo. Nikisikia debe ikianguka mimi huruka mpaka leo. Lakini nauza viazi, Mama Perez. Nitafanya nini?"

Tumekaa mpaka kivuli kikafika kwenye vidole vya Perez.

Alhamisi, 4 Machi

Kila asubuhi sasa. Kabla ya mvua ya alasiri. Naogopa kila asubuhi vilevile, haipungui, ila nimezoea kuogopa nikiwa nimekaa hapo.

Amekamata kijiko cha Rahab. Amevuta kwa nguvu, akakitwaa! Rahab kalia. Gakenia na mimi tumecheka mpaka watu wa njia panda wakageuka.

Usiku wa kuamkia leo nilidhani vidole vimejikunja tena. Alikuwa ameshika leso yangu tu.

Jumanne, 6 Aprili

Kliniki. Eksirei mpya. Daktari Amolo ameniita karibu — mwishoni mwa mfupa kuna mstari mweupe. Mwembamba kama uzi. Anasema ni kalisi inashika. Jino la tatu limechungulia, na la nne. Miguu bado ina upinde, itachukua muda mrefu, labda haitanyooka yote. Kusimama? "Akiwa tayari atasimama, Mama. Usimvute mikono." Na nisiache matone, nisiache jua. Alirudia hilo la jua.

Jumapili, 18 Aprili

Khaemba amepewa nyumba. Muhoroni! Nyumba ya kampuni, laini ya juu, ile inayoelekea vilima. Nikamwambia siendi. Nikamwambia hata nikifa siendi.

Hakupandisha sauti. "Nyumba iko na varanda, Mama Perez. Jua ikitoka tu inapiga hapo mpaka saa nne. Nilienda nikasimama, nikaangalia mwenyewe." Nyumba ya laini ya chini ilikuwa wazi pia, amesema, yenye kivuli. Aliikataa.

Amechagua ile nyumba kwa ajili ya jua. Na jua la kule linatokea juu ya vilima vilevile walikoshukia watu wa mishale waliotuchomea.

Mwenye chumba hiki anataka jibu. Gakenia amesikia yote kupitia ukuta. Amekuja na gunia tupu la kufungia vyombo, akaliweka mlangoni, akaenda zake. Sijui kama alikuwa ananifukuza au analia.

Jumatano, 28 Aprili

Muhoroni. Asubuhi ya tatu. Nilisema siendi, nikaja kwa ajili ya lile jua.

Khaemba ameondoka na trekta alfajiri. Jirani wa kulia sijamjua, mlango wake umefungwa. Wa kushoto nyumba ni tupu, ukuta bado una masizi.

Jua limetoka. Kweli linapiga hapa mpaka mlangoni. Nimemtoa Perez, mikono na miguu wazi, kofia kichwani. Matone amekunywa. Mimi nimevua sweta, mikono yangu pia iko wazi. Daftari nimeliweka juu ya ukuta wa varanda naandika nimesimama, maana siwezi kukaa.

Watu wanashuka njia ya miwa. Kutoka upande wa vilima. Watano, sita. Wana panga.

Wakata miwa wote wana panga. Najua! Huu ndio wakati wa kukata, Khaemba aliniambia watapita. Alisema watapita saa hizi? Sikumbuki. Hawaimbi. Wakata miwa huimba.

Perez ameshika mguu wa kiti. Ameweka goti moja, ameinua lingine. Mguu unatetemeka wote, mpaka kiti kinagonga sakafu. Nikimnyakua sasa naweza kuwa ndani kabla hawajafika kwenye mtaro. Mlango uko nyuma yangu, uko wazi. Nikimnyakua ataanguka, au nitamvuta mkono, na —

Naandika ili mikono yangu iwe na kazi.

Wamefika kwenye mtaro. Mmoja ameinua mkono. Sijui anasalimia au anawaonyesha wenzake nyumba.

Perez yuko kwa miguu miwili. Anawatazama, mdomo wazi, jua lote usoni.

Sijamshika.