Makochi Yamevuliwa, Mama Anataka Kutia Sahihi

Mshauri mpendwa, naomba unijibu kabla ya Jumamosi kama utaweza. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, msichana wa kimya, hata darasani mkono wangu huinuka hadi usawa wa sikio kisha hurudi, lakini jambo hili limenizidi.

Wazazi wangu wanaachana. Wana karakana ya makochi mbele ya nyumba yetu, baba hutengeneza fremu, mama hukata vitambaa, hushona na kuyavisha, na mtaa mzima unamwita baba "Baba Makochi", ingawa kinachowasimamisha watu barabarani ni mshono wa mama, nasema hivi kwa sababu ni kweli, huwezi kuona uzi wake ulipoishia. Wiki iliyopita baba alisema mbele ya wateja kwamba karakana ni yake na mama alikuwa anasaidia tu, na mama akachukua kiwembe cha kufumulia, akavua vitambaa vyote kwenye makochi ya maonyesho, akavikunja vizuri, akaingia ndani. Sponji zikabaki nje. Mteja mmoja akauliza, "Baba Makochi, unauza viti au mifupa?" Nilicheka nyuma ya pazia huku machozi yananitoka.

Halafu baba mdogo akaleta karatasi. "Shemeji, tia sahihi hapa, tumalize kistaarabu."

Mama akasema, "Lete kalamu. Sitaki hata msumari wake. Nilikuja na cherehani, nitaondoka na cherehani."

Sijui nilipata wapi ujasiri, nikasema, "Baba mdogo, naomba niisome kwanza."

"Makubwa! Siku hizi shuleni mnasomea talaka?"

Lakini mama alinipa. Imeandikwa kwamba mama hana dai lolote kwenye nyumba wala karakana, matunzo yangu na ya mdogo wangu hayakutajwa kabisa, ila mkopo wa mashine ya kuranda mbao, ambao wote wawili waliutilia sahihi, utabaki kama ulivyo. Nilipomweleza mama akasema, "Sitasimama mbele ya hakimu kama ombaomba." Baba mdogo ameiacha karatasi, ataifuata Jumamosi.

Mshauri, najivunia mama kuliko ninavyoweza kuandika, na sitaki ajishushe. Je, kudai ni kuomba? Na akishatia sahihi, tunaweza kurudi nyuma?

Wa Nyuma ya Pazia

JIBU

Wa Nyuma ya Pazia, toka huko mwanangu. Aliyeomba karatasi aisome mbele ya watu wazima si mwoga.

Mama yako nampigia saluti, na papo hapo namgombeza. Kuvua makochi kumechekesha mtaa, lakini baba anaweza kudai ameharibu mali ya biashara. Avitunze vitambaa hivyo, asiuze hata kimoja.

Kudai fungu lako siyo kuomba. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, ila mahakama nyingi huangalia jasho la kila mmoja, siyo jina lililo kwenye hati peke yake. Wateja waliopimiwa vitambaa na mama ni mashahidi, awaombe mapema. Matunzo ni haki yenu ninyi watoto, kwa hiyo mama hawezi kuyatupa kwa hasira zake. Na ule mkopo! Benki itawafuata waliotia sahihi hata wakiachana, baba akiacha kulipa watamgongea mama mlango. Aende benki mwenyewe, aulize limebaki deni gani na jina lake litatolewaje. Kuhusu kurudi nyuma: akishatia sahihi, kuitengua ni kazi ngumu na ya gharama. Asitie.

Kesho aende kutafuta wakili kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, nyingi hazitozi kitu, abebe cheti cha ndoa, mkataba wa mkopo na karatasi hiyo. Wewe msomee jibu hili, kisha urudi kwenye masomo yako. Usiwe mjumbe kati yao, na baba yako uendelee kumsalimia kama kawaida.

Jumamosi shemeji akija, mama amkaribishe kiti, ampe karatasi yake ikiwa haina hata nukta ya wino, na amwambie kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nimeisoma, shemeji. Wakili wangu atawajibu."