Kipande cha Tezi ya Esta

Mjukuu wangu Neema, mwakeye! Hapa Heru Juu hatujambo. Maharage yamekubali, na babu yako anamtangazia kila dereva wa bodaboda kwamba mjukuu wake anatafuta magonjwa kwa hadubini.

Umeniuliza kama kazi yako ina maana, kwa kuwa unashinda na vioo vya maabara bila kumwona mgonjwa hata mmoja.

Nilipokuwa nesi kijana Kibondo, alikuja mama mmoja wa Nyabibuye, Esta, ana uvimbe shingoni. Alikuwa amemaliza dawa za kifua kikuu, maana nacho huvimbisha tezi, lakini uvimbe ulizidi kukua. Kwao walishaanza kumlilia. Daktari akasema, "Tukate kipande cha tezi, tukipeleke Mwanza kikapimwe."

Esta akanishika mkono. "Nesi, wakikuta saratani, usinifiche."

Nikamwahidi.

Majibu yalipofika, daktari aliyasoma, akayarudia, kisha akacheka. Haikuwa kifua kikuu wala saratani. Ulikuwa uvimbe wa tezi usioonekana mara nyingi, na ukitolewa wote, mtu hupona. Nilikimbia wodini, nesi mzima, viatu mkononi! Esta akapiga vigelegele, wodi nzima ikaitikia.

Alifanyiwa upasuaji, akapona. Juzi nilimkuta sokoni Kasulu akichagua vitenge vya harusi ya mjukuu wake.

Aliyekitazama kile kipande kule Mwanza hakuwahi kumwona Esta, wala hakuvisikia vile vigelegele. Mimi nilivisikia. Nimekuandikia ili uvisikie na wewe.

Natembea kifua mbele kwa ajili yako.

Bibi yako,
Yustina